Harusi ya Dada Lidia Kwenye Ngome

Msichana anayefanya usafi katika nyumba yangu ya wageni hapa Makambako aliishiwa na dawa ya sakafu, ile ya kopo. Nikamwambia: yeyusha nta ya nyuki, changanya na mafuta ya taa, sugua kwa gunia. Akanitazama kama bibi kizee aliyeanza kupotewa na akili, lakini akafanya, maana hapa kwangu amri ni yangu. Harufu ilipopanda kwenye korido nililazimika kutafuta kiti. Nilikuwa mtoto tena, nimesimama peku kwenye mlango wa ukumbi wa ngome, naogopa kukanyaga mbao zinazong'aa.

Mimi si mtu wa vitabu. Shule niliionja tu nikaiacha. Mashine ya mbao niliyo nayo, malori yangu, nyumba hii mnayolala mkipita, sikuvipata kwa cheti. Lakini nilichokiona kwa macho yangu hakinitoki, na nyinyi wa rika langu mtanikosoa nikiteleza.

Ngome yenyewe ilikuwa kwenye njia ya kutoka Njombe kuja huku Makambako, juu ya kilima kitupu kinachopigwa na upepo. Wajerumani waliijenga kwa mawe. Ukuta ulikuwa mnene kama urefu wa mtu aliyelala. Lango lilikuwa moja, mnara mmoja, na madirisha yalikuwa membamba ya kutokezea mtutu wa bunduki tu. Wajerumani wakaondoka, akaja Mwingereza, ngome ikabaki na popo wake mpaka mama mmoja wa Kizungu alipoichukua akaigeuza hoteli. Wasafiri wa magari kutoka Rodesia walilala pale wakielekea Nairobi. Yule mama alitembea na funguo nyingi kiunoni, zikilia kila aendapo kama njuga, kwa hiyo sisi tulimwita Mama Funguo. Jina lake la kwao sikulijua na wala sikulitafuta.

Mpishi wake mkuu alikuwa Yeremia, Mkinga wa Bulongwa. Alikuwa mtu mnene mwenye masharubu, na vitani alikuwa amepikia jeshi. Dada yangu Lidia alikuwa akipeleka kabichi na mayai kwenye jiko la ngome. Siku za mwanzo alienda akarudi. Baadaye akawa anaenda anachelewa. Mwishowe wakaja wazee wa Yeremia na mshenga wao kuketi na Shangazi Malita, dada ya baba, maana baba alikwisha fariki na Shangazi ndiye aliyesimama kwa ukoo.

Sasa hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipoanza kupotea njia. Kila Yeremia alipokuja kwetu, Mama alitoweka. Akimwona kwa mbali barabarani, na yeye ana mzigo wa kuni kichwani, aliutupa mzigo akaingia kwenye mahindi. Siku moja walikutana ghafla kwenye kona ya nyumba. Mama alijirusha nyuma ya kihenge cha mahindi, akajifunika shuka mpaka kichwani, akaganda humo kama jiwe. Na Yeremia naye, mtu mzima na masharubu yake, aliruka mtaro akaenda kusimama upande wa pili, ameipa nyumba mgongo.

Hakuna aliyenieleza. Watoto wa siku zile hatukuelezwa, tuliangalia tu. Basi nikajumlisha mwenyewe: mtu huyu ni mnene, ana visu vingi, anafanya kazi kwa Wazungu ndani ya ngome, na mama yangu ambaye haogopi hata nyoka anamkimbia. Chinjachinja! Mnakumbuka habari za chinjachinja. Tuliambiwa kuna watu wanaokamata wapita njia, wanawatundika miguu juu, wanakinga damu ya kutengenezea dawa. Nikajua dada yangu anaolewa na mmoja wao.

Leo najua ilikuwa nini. Kwetu, mkwe na mama mkwe walikuwa hawaonani uso kwa uso, na heshima yenyewe ndiyo hiyo. Hawapeani mkono, hawali pamoja, mama mkwe hali kilichopikwa na mkwe, hawakai chini ya paa moja, na neno la mmoja lazima lipite kwa mtu wa katikati ndipo limfikie mwingine, hata kama wanasikiana. Ilikuwa hivyo kwa mama mtu na kwa wote wa rika lake. Kanisa halikukataza wala halikubariki, lilipita pembeni. Siku hizi nawaona wakwe wanawakumbatia mama wakwe zao mbele ya kamera. Sisemi kitu. Hata wa kwangu wananikumbatia.

Kwa nini harusi ikafanyiwa ngomeni? Watu walisema ni ukarimu wa Mama Funguo. Ukarimu gani! Mama yule hakutaka kumkosa mpishi wake siku ya Jumamosi, magari yanapojaa. Akamwambia: usiende Bulongwa, oa hapa hapa, ukumbi nakupa. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuingia kwenye ukumbi ule isipokuwa anapiga deki au anapeleka sahani. Habari ikazagaa Njombe nzima. Tulikuwa hatulali kwa furaha. Shangazi Malita alifundisha wanawake wote wa ukoo namna ya kushika uma, kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kukishika.

Asubuhi ya harusi, Dada Lidia akiwa amekwisha vaa gauni lake jeupe, alimgeukia Mama.

"Kanisani utakaa nje ya dirisha, sawa. Mchungaji ana sauti kubwa, utamsikia. Lakini ngomeni utaingia."

"Niingie wapi?"

"Ukumbini. Ukae kwenye kiti, uniangalie."

"Na yeye atakuwa wapi?"

"Atakuwa humo humo, si harusi yake?"

"Lidia, unanitaka nivue nguo mbele za watu?"

"Nani kasema uvue nguo, Mama?"

"Ni hilo hilo."

Dada akaketi juu ya sanduku lake, gauni na yote, akaanza kulia. "Baba hayupo. Na wewe usipokuwepo nitakuwa kama mtoto wa kuokotwa. Watu wa Bulongwa watajaa upande wao, upande wangu kiti cha mama kitupu."

Mama alimfuta uso kwa kiganja. "Nitafika mpaka ukutani. Nitakaa nje, upande wa jikoni penye joto, nisikie nyimbo."

"Ukutani si ndani."

"Ni karibu."

Dada alijifunika shela. Mimi nilisikia yote nikaelewa kivyangu: Mama anajua kinachofanyika ndani ya ile ngome, na hata hivyo anamwacha Lidia aingie peke yake! Nikamkimbilia Bibi, mama yake Mama, aliyekuwa anafunga kitambaa chake kipya.

"Bibi, kule ngomeni nani anachinja?"

"Mume wangu Yeremia, nani mwingine?" Bibi alimwita mume wangu, kama ilivyo desturi ya bibi na mume wa mjukuu, utani mtupu. "Jana kachinja, na leo atachinja tena. Utafurahi mwenyewe."

Basi kumbe ni kweli. Na bado nilitaka kwenda. Mtoto ni kiumbe cha ajabu. Nilikuwa nimeandaliwa kumtangulia bibi harusi na fungu la maua, nina gauni la pinki na utepe, na nilitaka sana kuuona ule mnara kwa ndani kabla sijachinjwa.

Tulikwenda na lori la mbao lililopambwa kwa matawi ya mianzi. Kanisani mambo yalipita vizuri. Mama alikaa nje kwenye ukungu akisikiliza dirishani, na nyimbo zilipoimbwa tulisikia sauti yake ya pili ikitokea nje kama mwangwi. Kisha safari ya ngomeni. Wanawake waliimba njia nzima, upepo ukiyameza maneno na kuyarudisha, na kila tulipopita shamba watu waliacha majembe wakakimbia pembeni ya barabara kutupungia. Mama alikuwa nyuma kabisa ya lori, na unga wa ulezi ameufunga ndani ya mbeleko yake, kwa sababu mama mzaa bibi harusi haendi shereheni mikono mitupu hata kama ataishia ukutani.

Ngome ikatokeza. Mnara wake uliingia kwenye wingu. Nikaacha kuimba.

Lango lilikuwa wazi na Mama Funguo amesimama hapo na kofia yenye manyoya. Bibi alikataa kushikwa mkono. Aliuendea ukuta, akaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake, akasema kwa Kibena, kwa sauti:

"Mawe haya nimeyabeba kichwani, ningali msichana, fimbo mgongoni. Yalipotimia wakatufukuza wakafunga lango. Haya, leo naingia kwa mlango wa mbele."

Mama Funguo akamwuliza kijana wa mezani, "Anasema nini?"

"Anasema nyumba nzuri, Memsabu."

"Oh, asante sana!" akasema Mama Funguo, akampa Bibi mkono. Bibi akaupokea kama malkia.

Dada Lidia alishuka kwenye lori polepole, akimwangalia Mama aliyekuwa akizunguka ukuta kwenda upande wa jikoni, amejifunika, na unga wake kifuani. Tukaingia.

Ukumbi! Sakafu ya mbao ilisuguliwa kwa nta ile mpaka ukaiona sura yako. Tulikuwa hatujawahi kuona sakafu ya kuteleza. Wazee walitembea kama kuku kwenye majivu ya moto. Shangazi Malita, mwanamke aliyeogopwa hata na fahali, aliteleza tangu mlangoni hadi katikati ya ukumbi, mikono juu, kitambaa kimefunika macho, akasimamia kwenye meza ya wazee wa Bulongwa. Mmoja wao akampokea mkoba wake akasema, "Karibu sana, Mama, umekuja kwa haraka." Tulicheka mpaka nikasahau kuogopa. Juu palikuwa na maboriti meusi, pembeni moto mkubwa unaunguruma ndani ya ukuta, na kwenye meza ya mbele keki ya umbo la ngome yenyewe, na mnara wake, na lango lake. Dada alikaa, na kando yake akaweka kiti kitupu, akaagiza kiwekewe sahani. Kila mtu alijua ni cha nani.

Chakula kikaingia. Nyama ya kuokwa iliyopasuka mafuta, viazi vya kahawia, wali wa Usangu, mchuzi mweusi unaonukia vitu nisivyovijua. Mate yalinijaa. Watu wa kwetu walishika zile uma zao kama walivyofundishwa.

Ndipo Yeremia akasimama. Alikuwa na suti nyeusi aliyopewa na mgeni mmoja wa hoteli, inayombana kila mahali, na jasho la furaha usoni.

"Wazazi wangu, ndugu zangu," akasema. "Leo sikukubali mtu aguse sufuria. Tangu nyama mpaka chumvi, yote ni mkono wangu mwenyewe. Kuleni mshibe!"

Upande wa Bulongwa ukapiga makofi. Upande wetu ukanyamaza kama watu waliomwagiwa maji. Shangazi Malita alikuwa na kiazi mdomoni, hajakiuma. Akakitoa, akakirudisha kwenye sahani.

"Nani kapika?"

"Bwana harusi," akajibu mtu.

"Mkwe kampikia mama mkwe?"

"Mama mkwe hayumo, Malita, yuko nje."

"Na sahani hii hapa ni ya nani? Na mimi je, si mama yake Lidia? Nile jasho la mkwe mbele ya watu wa Bulongwa?"

Sahani zilianza kusukumwa, moja baada ya nyingine, upande wetu wote. Kosa la Yeremia lilikuwa la mtu aliyekaa jikoni mwa Wazungu muda mrefu mno. Alitaka kutupa kitu bora alicho nacho, na kitu hicho ni mkono wake, na mkono wake ndio tusioweza kuula. Bibi peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna.

"Mama, nawe acha!" Shangazi akamwambia.

"Niache nini? Mimi nimepikiwa na mume wangu. Nyinyi teteni na mkwe wenu."

Shangazi akainuka, akishikilia meza asiteleze. "Sherehe iliyoliwa na upande mmoja si sherehe. Lidia, kusanya shela yako. Tunarudi Njombe. Siku watakapopata mpishi mwingine watatuita."

"Shangazi! Nimekwisha olewa!"

"Umeolewa kanisani. Nyumbani bado."

Naona uso wa dada yangu mpaka leo. Hakulia. Alikishika kile kiti kitupu kwa mkono mmoja kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe na upepo. Yeremia alijishika kichwa. "Nimefanya nini mimi!" akasema, akageuka, akakimbilia jikoni, tukasikia komeo likigonga. Mama Funguo akaja na funguo zake zikilia. "Chakula kina nini?" akauliza. "Kizuri mno, Memsabu," akajibiwa. "Ndiyo shida."

Bibi akameza, akafuta mdomo. "Malita, kaa chini. Mama yake ana unga pale nje. Mkwe atoke jikoni, mama mtu aingie, asonge ugali, akaange chochote, watu wa kwetu wale mkono wake. Nani atasema hatukula?"

Shangazi akafikiri. "Kama atakubali."

"Wewe," Bibi akaninyooshea kidole, "mkimbilie mama yako."

Dada akanivuta sikio mpaka mdomoni kwake. "Mwambie nimesema aingie. Mwambie nimesema tafadhali."

Nilitoka mbio, nikateleza, nikainuka, nikapita lango na kuzunguka ukuta. Mama alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mawe yenye joto, maana jiko lilikuwa ng'ambo ya pili, anaimba peke yake ule wimbo wa kanisani. Nikampa habari yote kwa mkupuo mmoja. Aliangalia unga wake, akaangalia ukuta.

"Lidia kasema tafadhali?"

"Kasema."

"Na yeye hayumo jikoni?"

"Wanamtoa."

Wakati huo huo ndani, Bibi alikuwa anagonga mlango wa jiko: "Mume wangu! Toka humo, mama mkwe wako anakuja!" Yeye alimaanisha atoke kwa mlango. Lakini ngome ile ilikuwa na njia moja tu ya ndani, nyembamba, na kwenye akili ya Yeremia Mama alikuwa tayari yuko kwenye njia hiyo. Akitoka watagongana vifua. Jikoni palikuwa na tundu moja la bunduki ambalo Mama Funguo alilipanua kidogo la kuingizia kuni. Yeremia akaamua kupita kama kuni, ila kuelekea nje.

Tulisikia kishindo juu yetu. Ikatokeza mikono. Kikatokeza kichwa chenye masharubu. Yakatokeza mabega na kifua, na hapo, kwenye tumbo, ukuta wa Mjerumani ukamshika. Alining'inia kama gunia la viazi lililofungwa vibaya ubavuni mwa lori. Akafumbua macho. Mama alikuwa chini yake kabisa.

Yeremia alifumba macho kwa nguvu zote. Mama akajigeuza na kuvuta shuka usoni. Na mimi nikapiga yowe lililosikika, wanasema, mpaka barabarani. Nikaukamata mguu wa Mama.

"Mama, anakuja kutuchinja! Chinjachinja! Katoka ukutani!"

"Nani chinjachinja?"

"Yeremia! Si ndiyo maana unamkimbiaga?"

Nikaona shuka ya Mama inatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mama yangu, anacheka kwa kujizuia mpaka mabega yanapanda na kushuka. Na kule juu yule mtu naye akaanza kutikisika, akashindwa, maana kucheka kulimbana zaidi.

"Mwambie mama," akasema kwa pumzi fupi, "mimi nachinja mbuzi tu."

"Mwambie nimesikia," akasema Mama, ameangalia bondeni.

Lakini kicheko kikaisha haraka. Pumzi yake ikaanza kupiga mluzi. Uso ukabadilika rangi. "Mwambie mama siwezi kurudi wala kutoka. Mlango nimeukomea." Nikaelewa, hata mimi: hakuna wa kumshika miguu kule ndani. Kuzunguka ukuta kwenda kuita wanaume ni mbali. Na hapo nje tulikuwa mimi na mtu mmoja asiyeruhusiwa hata kumtazama.

Mama alisimama kidogo. Kisha alifungua fundo la mbeleko, akaumwaga unga wote kwenye majani mabichi. Unga wa ulezi, mwekundu, aliousaga kwa mikono yake kwa ajili ya siku hiyo. Akanipa ncha za mbeleko.

"Mzungushie kwapani. Kaza. Fundo la kufungia mtoto, unalijua."

Nikapanda juu ya jiwe, nikamzungushia. Alinukia mchuzi na sabuni. Chozi lake liliniangukia mkononi, na nikashangaa kwamba chinjachinja ana machozi ya moto kama ya watu. Mama aliipokea mbeleko kwa nyuma bila kugeuka, akaipitisha begani, akainama kama wanaume wanavyovuta gogo kutoka msituni, mgongo wake ukimwelekea yeye.

"Mwambie atoe pumzi yote."

"Mwambie mama nimetoa."

"Mwambie alegee."

Akavuta. Vifungo vya suti viliruka kama mahindi kwenye kikaango. Mama akavuta tena, miguu ikichimba udongo, akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kutoka kwake, na Yeremia akatoka ukutani, kichwa kwanza, akaanguka juu ya unga, na Mama akaangukia magoti mbele yake.

Tulipoinua macho, ukoo mzima ulikuwa umesimama kwenye kona ya ukuta. Yowe langu ndilo lililowaita. Bibi mbele, Shangazi Malita na mikono kichwani, Dada Lidia kashikilia gauni lake juu ya matope, wazee wa Bulongwa nyuma yao.

"Kamgusa mkwe," Shangazi akanong'ona. "Kamvuta kwa nguo yake ya mwilini."

Mama alibaki amepiga magoti, shuka usoni, kama mtu anayesubiri hukumu. Na hukumu ilikuwa ya nani kama si ya mkubwa wa wote? Bibi aliwasogelea. Akamzunguka Yeremia aliyelala pale, mwekundu mwili mzima kwa unga, anahema.

"Mlimwona alivyotoka?"

Shangazi akashusha mikono kichwani.

"Nauliza, mlimwona? Kichwa kwanza. Kwenye tundu jembamba. Kwa kusukuma na kuvuta na kulia. Akapokelewa kwa mbeleko. Nimezalisha nusu yenu mliosimama hapa, mnanifundisha mtoto anavyotoka?" Akamshika Mama bega. "Binti yangu, huyu si mkwe wako tena. Umemzaa sasa hivi, tunaona wote. Na mama haoni haya kwa mtoto aliyemzaa."

Shangazi Malita hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. "Na Lidia naye ni mtoto wake. Basi kaolewa na kaka yake?"

"Lidia kaolewa asubuhi. Huyu kazaliwa mchana. Malita, usiniletee sheria nyingi kwenye furaha."

Kwanza akacheka mzee mmoja wa Bulongwa. Kisha mwingine. Mama hakucheka. Taratibu aliiteremsha shuka usoni, akamgeukia Yeremia, akamtazama. Alikuwa hajawahi kumwona usoni. Mtu aliyepelekewa na binti yake mayai na kabichi miezi yote ile, hakuijua pua yake ilivyo. Akaichukua ncha ya mbeleko akamfuta unga machoni.

"Umeumia, mwanangu?"

"Hapana, mama."

Hapakuwa na mtu wa katikati. Neno lilitoka mdomoni kwa mmoja likaingia sikioni kwa mwingine. Shangazi Malita, huyo huyo, ndiye aliyepasua kigelegele cha kwanza, na kilipanda na ukuta mpaka mnarani.

Tuliingia langoni sote kwa wimbo. Mama alitembea kwenye ile sakafu bila kuteleza hata kidogo, peku, unga umemganda magotini, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti. Dada Lidia alimshika mkono akauweka mapajani kwake wala hakuuachia. Ukumbi mzima ulimtazama. Akachukua kipande cha nyama kwa vidole, zile uma akazisogeza pembeni, akatafuna kwa muda mrefu, akameza.

"Yeremia."

"Naam, mama."

"Chumvi umezidisha."

Mungu wangu, kelele ile! Watu walipiga meza, sahani zilivutwa, Shangazi akakirudia kiazi chake. Mama Funguo aliuliza tena kimesemwa nini, na safari hii hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtafsiria. Mimi nilikula mnara wote wa keki peke yangu, nimeketi kwenye goti la chinjachinja.

Toka siku hiyo, mtu akimwuliza Mama watoto wake, alitutaja kwa mpangilio, na baada ya jina langu, mimi niliyekuwa kitinda mimba wake, aliongeza: "Na Yeremia." Niliwahi kununa. Kupokonywa umwisho na mtu mwenye masharubu si jambo dogo.

Miaka mingi baadaye tulipomzika Mama, mzee aliyepanga mazishi alituita watoto tutie udongo, mkubwa mpaka mdogo. Wakwe akawaambia wakae kando, wasimamie chakula cha waombolezaji. Yeremia alikuwa mzee tayari, anatembelea fimbo. Akaja mpaka kwenye mstari wetu.

"Wewe ni mkwe," mzee akamkumbusha kwa upole. "Upande ule."

"Mimi ni wa baada ya huyu," akajibu, akanielekezea fimbo.

Nikasogea, nikampa nafasi yake.